Mzinga Mmoja ni Askari Wangapi?

Wapo watakaouliza mchezo wa vita wa mezani unatafuta nini katika jarida la uhakiki. Jibu ni fupi: kanuni za mchezo ni matini. Zina mtunzi, zina wahusika, na zina msimamo kuhusu vita hata pale mtunzi anapodai eti anatuburudisha tu. Makala haya yanachunguza kipengele kimoja: uwiano kati ya nguvu ya mzinga na gharama yake.

Tuanze na Risk, mchezo wa Mfaransa Albert Lamorisse uliotolewa mwaka 1957. Humo mzinga ni sawa na askari wa miguu 10, mpanda farasi ni sawa na 5. Basi. Mzinga haupigi mbali zaidi, wala hauchelewi njiani. Ni kama noti ya kumi, unaichenji utakapo. Kihesabu uwiano huo haukosolewi, kwa kuwa bei na nguvu ni kitu kimoja. Lakini mchezaji hana la kuchagua, na mzinga kama mhusika haupo.

Mtunzi mwingine ataupa mzinga nguvu yake halisi, halafu atahangaika na bei. Ikiwa ndogo, kila mchezaji atanunua mizinga mitupu. Ikiwa kubwa, mizinga itabaki kwenye kasha. Sasa afanyeje?

H. G. Wells, yule mwandishi wa The War of the Worlds, alijibu katika Little Wars, kitabu cha mwaka 1913. Mzinga wake ni wa kuchezea, lakini unafyatua kweli kipande cha mti kwa springi, na mwenyewe anausifu kwamba humpata askari mara 9 kati ya 10 kutoka yadi 9. Hiyo si nguvu ndogo! Gharama yake, hata hivyo, haimo katika bei bali katika utegemezi. Bila askari wanne wa upande wake ndani ya inchi 6, mzinga haupigi wala hausogei. Katika zamu moja ama unasogea, ama unapiga, tena si zaidi ya mara 4. Waue wale wanne, mzinga unanyamaza. Hapa fani inabeba maudhui: chuma hakina nguvu pasipo watu.

Kasoro ya Wells ni kwamba anawahesabu wanaopiga, hawahesabu wanaokokota. Huenda Ulaya, penye farasi na barabara, swali hilo likapita. Kwetu halipiti. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu, ikapelekwa vitani nchi kavu. Mbung'o waliua wanyama. Kuvuta kukawaangukia wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja. Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa. Anayeutazama anaona chuma. Waliouvuta hawaoni.

Basi mtunzi wa mchezo kuhusu kampeni hiyo akiandika "mzinga: pointi 10", ameshawafuta wapagazi kabla mchezo haujaanza, na hiyo si hesabu tena, ni msimamo.

Wenzangu watasema wapagazi wakiingizwa, mchezo utageuka daftari la karani. Si lazima. Kanuni ya Wells inyooshwe kidogo tu: mwendo wa mzinga utegemee idadi ya wapagazi waliotengwa, na wapagazi haohao ndio wabebe chakula na risasi za kikosi. Mchezaji anayetaka mzinga ufike mbele atajua nani atalala njaa nyuma. Hapo mzinga utakuwa ghali kweli, na mchezaji ataona unalipwa na nani.