Kioo Chekundu Juu ya Fedha

Nishani ya Ushujaa wa Kazi ya Umoja wa Kisovieti ilianzishwa tarehe 27 Desemba 1938. Ni duara la fedha, na juu yake imekaa nyota nyekundu yenye nyundo na mundu. Chini ya nyota ni jina la nishani, nalo kwa herufi nyekundu. Aliyeichora, Ivan Dubasov, alikuwa msanii wa Goznak, taasisi ya serikali iliyochapa noti, na aliwahi kushiriki kuchora nembo ya taifa hilo. Mkono uliozoea noti haupotezi mstari, na hapa hakuna hata mmoja unaokaa bure.

Wekundu ule si rangi ya kupaka. Ni kioo. Husagwa kikawa unga, kikaloweshwa, kisha fundi hukijaza kidogokidogo ndani ya vishimo vilivyobonyezwa kwenye fedha. Kikishakauka kinaingia tanurini, kwenye moto wa mamia ya nyuzi, mpaka unga uyeyuke na kushikamana na madini. Moto ukizidi, rangi huharibika. Unyevu ukibaki, kioo hutoka na vitundu. Baada ya hapo husuguliwa hadi king'ae. Mwanga hupenya kioo, hugonga fedha iliyo chini na kurudi, ndiyo maana nyota ile huonekana kuwa na kina. Napenda sana kwamba nishani ya kumheshimu mtu wa tanuri la chuma nayo ilipitia tanurini.

Nyuma imeandikwa kwamba kazi katika nchi ile ni jambo la heshima. Siku moja baada ya nishani kuanzishwa, 28 Desemba, serikali hiyohiyo ilitoa amri ya kukaza nidhamu kazini, na mchelewaji wa mara kwa mara akawa wa kufukuzwa. Ukatili huo lazima usemwe. Lakini haumpunguzii kitu mkamua maziwa aliyeivaa, wala fundi aliyesugua kioo chake.

Mwanzoni ilining'inia kwenye kibanio cha pembetatu chenye utepe mwekundu. Mwaka 1943 kikaja cha pembe tano, na utepe wa zambarau hafifu wenye kingo nyekundu. Kwangu huo wa pili ni bora: wekundu wa kwanza ulishindana na nyota, huu unaiachia nafasi.