Tauni ya Java na Mianzi ya Nyumba

Mwaka 1911, katika wilaya ya Malang, mashariki ya kisiwa cha Java, ambacho zama hizo kilikuwa chini ya himaya ya Uholanzi, ulizuka ugonjwa wa tauni ambao, kwa mujibu wa uchunguzi wa matabibu, uliingia pamoja na panya na viroboto katika shehena za mchele ulioagizwa kutoka Rangoon. Na kabla haijatimia miaka thelathini maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kufisha watu zaidi ya laki mbili. Dawa ya kuaminika haikuwapo, na kwa sababu hiyo serikali iliwaelekeza mafundi wake kwenye nyumba yenyewe.

Wataalamu, miongoni mwao J. J. van Loghem na N. H. Swellengrebel, waliwatafuta panya wanakozalia, na nyumba zilipofumuliwa wakawakuta juu ya vichwa vya watu. Mwanzi una uwazi ndani ya kila pingili, na seremala akiukata ili uwe boriti au kombamoyo, ule mdomo uliobaki wazi huwa ni mlango wa chumba kikavu, chenye giza, kisichofikiwa na paka wala na mkono wa mwenye nyumba. Panya wa huko, ambaye ni hodari wa kukwea, alizaa humo. Alizaa pia katika majani ya kuezekea, baina ya kuta zilizosukwa mara mbili, na hata katika vitanda vya mianzi. Alipokufa kwa tauni ndani ya boriti, viroboto waliuacha mzoga uliopoa, wakatafuta damu nyingine, na iliyokuwa karibu ni ya aliyelala chini yake.

Tiba yake ilikuwa ya kiseremala. Mianzi ya kubeba paa iliondolewa, badala yake ikatiwa miti isiyo na uwazi. Pale iliposalia, midomo yake ilizibwa. Majani yalibadilishwa kwa vigae, vikapangwa pasi na kitu chochote chini yake, hata mtu aliyesimama sakafuni aweze kuviona vyote kwa mtazamo mmoja. Na kuta mbili zikafanywa moja. Hadi mwaka 1942 nyumba zaidi ya milioni moja na nusu zilikuwa zimetengenezwa hivyo. Gharama ilitolewa kwa mkopo, akaulipa mwenyeji kidogo kidogo, jambo ambalo kwa rai yangu halikuwa la insafu, kwa kuwa maskini hakuileta tauni nchini mwake. Wala nyumba hazistahili sifa zote za kupungua kwa tauni: chanjo ya tabibu Louis Otten, iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1930, nayo ina fungu lake.

Lililo adhimu katika kazi ile ni kwamba mafundi hawakutaraji kuziba kila ufa; walihakikisha tu kwamba hapasalii mahali pa siri. Pwani yetu boriti za mikoko, kwa kuwa zimejaa, hazimpi panya chumba, ingawa makuti humpa, na juu ya mtambaapanya hupita usiku kucha. Lakini hivi leo tumeezeka kwa mabati, kisha tukapigilia dari ya mbao nyembamba isiyo na kidirisha wala mlango, na juu yake tumemrudishia panya giza lile lile ambalo Java ililiondoa kwa mashaka makubwa.

Hapa pana mgongano na adui wa pili. Mbu aletaye malaria hupenda kuingilia kwenye uwazi ulioachwa baina ya kichwa cha ukuta na paa, na dari ile ile impayo panya maficho humzuia mbu huyo. Gambia ilikwisha kuonyesha njia ya kuyapatanisha haya mawili: katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2009, dari za wavu peke yake zilipunguza mbu ndani ya nyumba kwa karibu nusu, na wavu, tofauti na ubao, humwezesha mtu kuona kilicho juu yake.

Basi wewe unayejenga, kabla hujamlipa fundi wako, mwambie auzibe uwazi wa juu ya ukuta kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, na kama ni lazima dari iwe ya mbao, aache mlango wa kupandia, nawe upande na taa mara kwa mara ukatazame.