Jina Linaonekana, Mwalimu Haonekani

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mwalimu saa kumi na moja jioni: "Mwalimu, jina lako tunaliona, ila wewe hatukuoni." Tulikuwa Kikula, hapa Likasi, Kongo. Mwalimu alikuwa mbele ya ubao wa hesabu, chaki mkononi. Mimi nilikuwa nimeinamia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyobeba seva yetu. Baadhi ya wanafunzi wake wa jioni walikuwa Panda, hapahapa Likasi, wengine Lubumbashi, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa. Mwalimu akanigeukia: "Fundi, seva imekufa." Nikaanza kuizima na kuiwasha, jioni ikaisha. Jibu lilikuwa tayari ndani ya ujumbe wa yule mwanafunzi, na nataka nieleze lilivyokuwamo.

Darasa letu linatumia WebRTC, teknolojia inayowezesha vivinjari viwili kupeana picha na sauti moja kwa moja. Mashirika ya W3C na IETF yaliitangaza kuwa kiwango rasmi Januari 2021, na imo ndani ya Chrome, Firefox na Safari bila kupakua kitu kingine. Lakini simu ya Panda haiijui simu ya Kikula, kwa hiyo lazima awepo mshenga. Seva ya ishara ndiyo mshenga huyo. Inapeleka posa, yaani maelezo ya picha na sauti ambazo upande mmoja unaweza kutuma na kupokea. Inarudisha jibu la upande wa pili. Kisha inapitisha anwani ambazo kila upande unadhani unaweza kufikiwa kwazo. Baada ya hapo wawili hao wanatafutana wenyewe. Picha haipiti kwa mshenga hata kidogo.

Jina la mwalimu, basi, lililetwa na mshenga. Sura yake ilitakiwa kupita njia nyingine kabisa. Mwanafunzi alikuwa ametuambia kwa maneno machache kwamba seva ni nzima na njia ndiyo iliyoziba.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie tu seva ya bure ya ng'ambo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Anayetegemea mshenga aliyeko Ulaya, siku kama hizo hawezi kuunganishwa hata na jirani wa chumba cha pili. Seva ikiwa hapa darasani, simu zilizo kwenye Wi-Fi yetu zinaendelea kuonana hata njia ya nje ikifungwa. Walio mbali wanatufikia kupitia seva ndogo tuliyokodi Johannesburg: Pi inachimba handaki hadi huko, na programu ya nginx inawapokea wageni mlangoni.

Njia iliyoziba

Ukiwa na Chrome kwenye kompyuta, andika chrome://webrtc-internals sehemu ya anwani. Utaona anwani za aina tatu. "Host" ni ya ndani, ile uliyopewa na ruta yako. "Srflx" ni ile ambayo seva ya STUN imekuona nayo kutoka nje. "Relay" ni ya kuazima, kwenye seva ya TURN inayopokea picha na kuisukuma mbele kwa niaba yako. Sisi tulikuwa na mbili za kwanza tu. Hali ya muunganisho ilikaa kwenye "checking" kwa muda, kisha ikaandika "failed".

Nilipofungua ukurasa wa modemu, anwani yake ya nje ilianza na 100.72. Hapo mambo yakafunguka. Anwani kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za mtandao ziwaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Ni kama wapangaji wa parseli moja, yaani kiwanja kimoja, wanaotumia sanduku moja la posta. Tena mtandao wetu wa simu ulikuwa ukifungua mlango mpya kwa kila anayetumiwa barua. Namba ya mlango iliyoonwa na STUN ilikuwa halali kwa STUN peke yake. Mwanafunzi wa Panda akiugonga mlango huohuo, hafunguliwi. Naye yuko ndani ya parseli kama hiyo.

Dawa ni TURN. Tuliweka programu ya coturn Johannesburg, tukafungua mlango 3478. Anwani ya "relay" ikatokea, lakini picha bado haikupita, kwa sababu ukuta wa moto ulikuwa umefunga milango ya UDP kuanzia 49152 hadi 65535, ambayo coturn huitumia kusafirishia picha zenyewe. Kipimo kilichotuonyesha hilo ni mstari mmoja wa msimbo: iceTransportPolicy ukiipa thamani "relay", kivinjari kinalazimika kupita TURN pekee. Ikigoma hivyo, kosa limo ndani ya TURN na huna haja ya kutafuta kwingine.

Gharama nayo ihesabiwe mapema. Picha ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula megabaiti 225 kwa saa. Mwalimu anayewatumia wanafunzi sita, kila mmoja na nakala yake, anapakia megabaiti 1,350. Huku tunanunua mega kwa faranga za kuhesabu, kwa hiyo tulishusha picha hadi kilobiti 150, ubao ukabaki kusomeka.

Dakika moja

Wiki iliyofuata lalamiko liligeuka: jina la mwanafunzi linatoweka kwenye orodha, lakini anaendelea kumwona mwalimu na kumsikia. Safari hii mgonjwa alikuwa mshenga kweli, na ndoa ilikuwa salama. Wanafunzi walikuwa wakitoka kwenye orodha sekunde 60 baada ya kuingia. Huo ndio muda ambao nginx, usipoibadilisha, huvumilia ukimya wa seva iliyo nyuma yake kabla ya kukata. Mwanafunzi anayesikiliza kimya hana cha kumwambia mshenga, wala mshenga hana cha kumjibu.

Tungeweza kusema haidhuru, maadamu picha inapita. Inadhuru. Simu ikihama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu, anwani zinabadilika, na pande mbili zinahitaji mshenga tena ili zipeane mpya. Aliyeondolewa kwenye orodha hana wa kumtuma. Tuliongeza proxy_read_timeout, na seva sasa inatuma salamu fupi kila sekunde 25 ili kila kivinjari kiitikie.

Saa ya kompyuta

Kosa la tatu lilituchosha zaidi kwa sababu lilikuja na kuondoka lenyewe. Umeme ukikatika nusu saa, darasa linarudi vizuri. Ukikatika mchana kutwa, walio mbali wanakosa picha kwa saa nzima, kisha kila kitu kinapona bila kuguswa. Waliokuwa kwenye Wi-Fi ya darasa hawakuathirika kamwe.

Raspberry Pi 4 haina betri ya kutunza saa. Ikiamka, inachukua saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, kisha inasubiri mtandao uisahihishe. Programu yangu nayo, mara tu inapowaka, ilitengeneza hati ya kuingilia TURN yenye uhai wa saa mbili, ikaitumia kwa kila mgeni na kuibadilisha baada ya saa moja. Hati hiyo hubeba ndani yake wakati wa kuisha. Umeme ukirudi baada ya saa tano, Pi inatoa hati iliyokwisha kufa, na coturn ya Johannesburg, yenye saa sahihi, inaikataa kwa namba 401. Wa darasani hawahitaji TURN, ndiyo maana walisalimika.

Tulifunga kidude cha saa aina ya DS3231 chenye betri yake, tukaiagiza programu isiwake kabla saa haijasahihishwa, na sasa kila mgeni anatengenezewa hati yake anapoingia.

Kando ya ubao, pale Kikula, tumebandika karatasi yenye maswali manne. Jina linaonekana? Picha inaonekana? Ni wote, au wa mtandao mmoja tu? Umeme ulikatika kwa muda gani? Anayeishi na kosa ndiye shahidi wake wa kwanza, na maswali haya yanampa nafasi ya kusema alichokiona badala ya kutamka hukumu. Juzi mwalimu alinipigia: "Fundi, majina yapo yote, picha hamna, ni wale wa Lubumbashi tu, na umeme haujakatika." Sikuigusa Pi. Nilifungua moja kwa moja coturn ya Johannesburg, na kosa lilikuwa huko.