Magari ya Waya ya Mawenzi: Tuyahukumu kwa Kipimo Gani?

Katika mijadala juu ya sanaa za taifa letu, aghalabu hutajwa kwanza ngoma, vinyago, ususi, ufinyanzi na uchoraji. Ni nadra kusikia likitajwa gari la waya. Hata hivyo, mtu aliyezoea kuzipanda barabara za Mawenzi, yaani zile zinazotoka mji wa Moshi na kukwea miteremko ya Kilimanjaro kuelekea Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Rombo, amekwisha kukutana na mtoto anayesukuma mbele yake lori dogo la waya na bati, mikono yake ikiwa juu ya usukani uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Wapita njia humpisha, hutabasamu kidogo, kisha huendelea na safari zao. Makala haya yanakusudia kulisimamisha lori hilo, kulichunguza kama kazi ya sanaa, na kuuliza kama vipimo tunavyotumia kulihukumu, hasa shuleni, ni vya haki.

Suala hili si dogo. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mambo hayo mawili, utamaduni na vijana, yaliwekwa chini ya paa moja. Lakini mara nyingi tumewaona vijana kuwa wapokeaji wa utamaduni tu, watu wa kufundishwa ngoma za babu zao, wala si waundaji. Gari la waya linatukumbusha kwamba watoto nao wana sanaa ambayo hawakufundishwa na mtu mzima yeyote, na ambayo hurithishwa na mkubwa kwa mdogo bila daftari wala mtihani. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame vilivyoundwa.

Nyenzo na Uundaji

Katika vihamba vya Mawenzi, nyenzo ya kwanza ya mtoto ni mgomba. Kipande cha shina huchongwa kwa kisu kikawa bodi, vijiti hupitishwa vikawa ekseli, na magurudumu hukatwa kutoka shina lilo hilo. Gari la namna hii haliishi siku nyingi. Shina likianza kukauka hunywea, matundu hupanuka, na magurudumu huchomoka. Lakini hapo ndipo mwundaji anapojifunza jambo la kwanza: kwamba gurudumu lisilokatwa mviringo huyumba, na ekseli isiyonyooka hulipeleka gari mtaroni.

Baada ya mgomba huja waya. Waya mgumu wa fensi hufanywa chesisi na mbavu za bodi. Waya laini hutumika kufungia maungio. Makopo ya mafuta ya kula hukatwa yakawa bati la kichwa cha lori. Soli za kandambili kuukuu huwa matairi, na vizibo vya soda huwa taa za mbele. Hakuna gundi wala risasi ya kulehemu. Kila ungio hushikwa kwa kuzungusha na kukaza.

Ni vema tukumbuke kwamba nyenzo hizi zina masharti yake. Waya hukubali kupindwa, lakini haukubali kusahihishwa mara kwa mara: ukiupinda na kuunyoosha mahali pamoja mara kadhaa, hukakamaa kisha hukatika. Kwa hiyo mwundaji hana budi kuliona umbo zima akilini kabla ya kulipinda. Mchoraji hufuta, mwandishi hukata mstari akaandika upya, fundi wa waya huamua kwanza. Hali hiyo ya kuamua kabla ya kutenda ndiyo inayotenganisha kazi ya mkono uliozoea na ile ya mkono unaobahatisha, na jicho la mhakiki huiona mara moja katika kona za bodi.

Vipimo Viwili katika Kazi Moja

Katika nchi za Ulaya na Amerika uundaji wa magari madogo ni burudani ya watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Huko Uingereza, kiwanda cha Meccano kilianza kuuza magari ya Dinky Toys mwaka 1934, na kampuni ya Lesney ikaleta Matchbox mwaka 1953. Zaidi ya hayo vilienea visanduku vyenye vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe kwa kufuata maelekezo, akavipaka rangi na kuvitia nakshi ndogo ndogo: nyaya za injini, saa za dashibodi, hata kutu ya bampa. Msingi wa sanaa hiyo ni kipimo cha uwiano, ambacho katika ramani huitwa skeli. Kikichaguliwa kipimo cha 1:24, kila kitu hupunguzwa mara 24. Gari lenye urefu wa mita 4.32 huwa la sentimita 18, na usukani wa sentimita 40 huwa chini ya sentimita 2. Kazi bora katika mapokeo hayo ni ile ambayo picha yake ikipigwa kwa ustadi, mtazamaji hawezi kutambua kama gari ni dogo au kubwa. Tunaiheshimu sanaa hiyo. Inadai subira na macho makali.

Sasa tuchukue lori la waya la Mawenzi. Tuseme lori halisi lina urefu wa mita 8, na la mtoto lina sentimita 40. Kipimo chake ni 1:20. Usukani halisi wa sentimita 50 ungepaswa kuwa wa sentimita 2.5. Lakini usukani wa mtoto una upana wa sentimita 15 au zaidi, nao haumo ndani ya kichwa cha lori bali uko juu ya fimbo inayofika kifuani pake. Kwa sheria ya 1:20, usukani huo umekosewa mara sita.

Je, ni kosa kweli? Hapa ndipo uhakiki wetu unapopaswa kuwa mwangalifu. Mtoto yule yule aliyepima bodi, akaweka magurudumu mawili pacha nyuma na moja moja mbele kama ilivyo katika lori, hawezi kuwa amesahau ukubwa wa usukani. Ukweli ni kwamba kazi yake ina vipimo viwili, na vyote viwili ni sahihi. Bodi imepimwa kwa lori. Usukani umepimwa kwa mikono ya mtoto. Fimbo ndiyo inayoviunganisha. Sehemu yake ya chini hufungwa kwenye ekseli ya mbele, hivi kwamba usukani ukizungushwa ekseli nzima hugeuka, na lori hukata kona kweli.

Matokeo ya mpango huo ni makubwa kisanaa. Katika gari la plastiki, kiti cha dereva hukaliwa na sanamu au hubaki kitupu, na mtazamaji hutazama kutoka nje. Katika lori la waya dereva yupo, naye ni mwundaji mwenyewe, anayetembea nyuma ya kazi yake huku akinguruma kwa mdomo, akibadilisha gia kwenye mlima na kupiga honi kwenye kona. Kwa hiyo kazi hii haikamiliki inapowekwa juu ya meza. Ni sanaa ya ufundi na sanaa ya maonyesho kwa pamoja. Likisimama, tunaona nusu yake tu.

Kilichochaguliwa na Kilichoachwa

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kutenganisha fani na maudhui. Tunaweza kufanya hivyo hapa pia. Mwundaji hawezi kueleza kila kitu kwa waya, hivyo huchagua, na uchaguzi wake ndio maudhui yake. Aghalabu mtoto wa Mawenzi haweki injini, wala haangaiki na viti. Lakini huweka springi, hata ikiwa ni kipande cha waya kilichokunjwa tu. Huweka keria juu ya basi na ngazi ya kupandia nyuma. Hulinyanyua bodi juu ya magurudumu. Huweka vizuia tope.

Kwa nini mambo hayo? Kwa sababu ndivyo barabara ya mlimani inavyolijua gari. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Chama cha wakulima wa kahawa kikaanzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Tangu hapo, kahawa ya vihambani ilipaswa kuteremka mjini, na bidhaa za mjini kupanda vihambani. Lori na basi ndivyo vilivyounganisha dunia hizo mbili kwenye njia zenye mawe wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Gari lililo refu kwa chini, lenye springi imara na mzigo wa ndizi kwenye keria, ni maelezo ya maisha hayo. Mtoto hakuliiga gari kama lilivyotoka kiwandani, bali kama lilivyo baada ya kufanya kazi mlimani. Huo ndio uhalisia tunaoudai kwa waandishi wetu.

Hatudai kwamba sanaa hii ni ya Mawenzi peke yake. Watoto wa Malawi wanayo, nao huliita gari la waya galimoto, jina lile lile la gari halisi. Na iko Zambia, Zimbabwe na kwingineko. Lakini kila mahali barabara yake huingia katika waya wake.

Upungufu Wake

Uhakiki usiokuwa na lawama ni pongezi tu, na pongezi hazimkuzi msanii. Kwanza, sanaa hii ina mazoea ya kurudia. Mkubwa akiunda lori la aina moja, wadogo kumi huliiga na makosa yake yote. Pili, kwa desturi imekuwa kazi ya wavulana. Wasichana walibakiziwa wanasesere wa magome ya migomba, kana kwamba waya haupindiki mikononi mwao. Tatu, kingo za bati mara nyingi huachwa bila kukunjwa, nazo hukata vidole. Kukunja kingo ni usalama, na pia ni umaliziaji mzuri.

Nne, yako magari ya waya na bati yanayoundwa kwa ajili ya watalii. Hatumlaumu anayetafuta riziki. Lakini tutazame kilichobadilika: fimbo imeondolewa ili gari liingie katika begi, magurudumu hayageuki, na maandishi ya kopo yamepangwa yaelekee nje ili mnunuzi astaajabie kwamba ni kopo. Dereva ameshushwa. Kilichobaki ni pambo la rafuni, na sifa yake kubwa ni kwamba limetokana na takataka.

Wajibu wa Mwalimu

Kosa hilo la mtalii ndilo tunalolifanya wengi wetu tunapolisifu gari la waya kwa huruma, tukisema mtoto amejitahidi kwa kuwa hana cha kununua. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za kuezekea dari, wako waliodhani kwamba nyenzo duni ni alama ya sanaa duni. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Nyenzo haihukumu kazi.

Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilisisitiza kwamba kazi ya mikono si adhabu wala si kimbilio la walioshindwa. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeyarudisha mafunzo ya amali katika shule za sekondari. Basi mwalimu akiwaagiza wanafunzi kuleta gari waliloliunda, asitoe alama kwa kufanana na gari halisi peke yake. Tunapendekeza aulize maswali matatu. Gari hili linafanya nini likiwekwa chini? Mwundaji amechagua kuonyesha nini, na ameacha nini? Nani analiendesha? Katika somo la hisabati alitumie kufundishia uwiano, awaache wanafunzi wapime bodi na magurudumu. Lakini wakifika kwenye usukani asiwaambie kwamba umekosewa. Awaulize umepimwa kwa nani.

Wala tusiitetee sanaa hii kwa kusema kwamba kila mtoto wa namna hiyo atakuwa mhandisi. Wengine watakuwa, wengine watalima, wengine watauza duka. Hatumwombi mtunzi wa shairi athibitishe kwamba shairi lake litamfanya karani. Siku hizi magari ya plastiki kutoka nje yamejaa madukani Moshi, na mtoto akipewa hufurahi. Likivunjika, mara nyingine huchomoa magurudumu yake akayatia katika lori lake la waya. Hatuna haja ya kuogopa plastiki, maadamu lori lingali na fimbo yake na mtu wa kulisukuma kupanda mlima.