Maneno Mapya: Tuyapime kwa Mizani Gani?

Wako wazee wanaonung'unika kwamba maneno mapya yanaharibu Kiswahili chetu. Tunawaheshimu, lakini hatukubali yote wanayosema. Wao wenyewe wanakula mezani, wanamwamkia padri, wanapeleka wajukuu shuleni. Meza na padri yametoka kwa Wareno, shule kwa Wadachi. Yalifika kama wageni. Leo ni watoto wa nyumba.

Njia ni tatu. Pengine neno la zamani linapewa kazi mpya: huku kwetu avioni inaitwa ndeke, jina lile lile la ndege wa porini. Pengine tunakopa. Pengine tunaunda kwa mali yetu wenyewe.

Tupime neno moja lililoundwa. Mwaka 1982 waganga wa Marekani waliupa ugonjwa mpya jina. Wafaransa wakauita Sida, na sisi Wakongo tukakopa jina hilo. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema Ukimwi, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Kazi yao imeipita yetu. Sida halimwambii mgonjwa kitu. Ukimwi, ukilifungua, linafundisha kwamba mwili umepungukiwa na kitu cha kuulinda.

Lakini neno hili nalo lina kasoro. Kwanza, kwa watu wengi wa Lubumbashi kinga ni baiskeli! Ukiwafasiria bila kueleza, watacheka mahali pa kuhuzunika. Pili, neno lililofupishwa ni kama mfuko uliofungwa: asiyefundishwa kuufungua anabaki na jina tupu, sawasawa na sisi.

Kwa hiyo tusiulize tu neno limetoka wapi. Tuulize: mama wa sokoni akilisikia, anafahamu nini? Siku hizi ziko dawa za kuuzuia ugonjwa huu, na mama mwenye virusi akizifuata vema anaweza kuzaa mtoto asiye nao. Lakini atazitafutaje, ikiwa jina la ugonjwa linamtia haya tu, wala halimpi maarifa?

Basi, ndugu makatekista na walimu, hatuwaombi mwache kusema Sida. Watu wamekwisha kulizoea. Tunaomba kila mnapolitaja mwongeze maneno machache: askari wa mwili wamepungua, na dawa inawasaidia. Neno la kukopa si aibu. Aibu ni kulisema mbele ya watu na kuwaacha gizani.