Peruta Moja: Fedha na Milki katika Posa ya Kiyahudi

Husikika mara nyingi mimbarani, hasa katika ibada za ndoa, kwamba Wayahudi wa kale walinunua wake kama walivyonunua mashamba. Msemaji huyo hakosi pa kushika. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu na mwaka 200 B.K., hukianza kitabu chake kiitwacho Kiddushin kwa kutaja njia tatu ambazo kwazo mwanamke huwa milki ya mume: fedha, hati, na kukutana kimwili. Kisha hutaja njia mbili ambazo kwazo hujimiliki tena mwenyewe: hati ya talaka na kifo cha mume. Katika sura iyo hiyo kitenzi kile kile chatumika kwa mtumwa na kwa shamba. Tena Talmudi ya Babeli, itafutapo msingi wa fedha hiyo katika Torati, haiendi kwa Rebeka wala kwa Raheli, bali kwa Efroni Mhiti, aliyemwuzia Ibrahimu shamba kwa shekeli 400 za fedha (Mwa. 23). Kitenzi cha Kiebrania cha kutwaa kimo katika habari ile, nacho kimo katika Kum. 22:13 juu ya mtu atwaaye mke.

Lakini aishiaye hapo hajaitazama hesabu. Shule ya Shammai ilidai dinari moja, au kitu cha thamani hiyo. Shule ya Hillel, ambayo ndiyo iliyofuatwa, iliridhika na peruta moja. Peruta ilikuwa sarafu ndogo ya shaba. Dinari moja ilikuwa na peruta 192. Ni baba gani auzaye binti kwa bei hiyo? Mishna hata yajadili mtu aposaye kwa tende, moja baada ya nyingine, ikiuliza kama ipo hata moja ifikiayo thamani ya peruta. Tena mwanamke akiwa mtu mzima, fedha hiyo ni yake, wala si ya baba yake. Mzigo ulio mzito uko katika ketuba, yaani deni ambalo mume hulikiri kwa mkewe: zuzi 200 kwa bikira, 100 kwa mjane, nalo hulipwa akimwacha au akifa. Ile mohar ya Kut. 22:16, neno lililo ndugu wa mahari yetu kwa njia ya Kiarabu, mikononi mwa marabi ikageuka kuwa ulinzi wa mke.

Basi fedha hiyo ni nini? Hukumu mbili za Talmudi zatufunulia. Mwanamke akiwa na deni kwa mwanamume, huyo hawezi kumposa kwa deni lile, maana siku ile hakuna kitu kinachotoka mkononi mwake. Lakini mwanamke akimpa zawadi mtu mwenye heshima kuu, naye akamposa kwa kule kukubali kwake kuipokea, posa yasimama, kwa kuwa furaha ya kukubaliwa zawadi ina thamani ya fedha. Kinachotakiwa, basi, ni manufaa yampatayo mwanamke kutoka kwa mume, kwa ridhaa yake. Ndiyo maana desturi hupendelea pete isiyo na kito, asije akadanganyika juu ya thamani yake.

Watetezi wengi hufika hapa wakapumzika: fedha ni ishara tu, wasema, hakuna milki. Hapo mimi siwafuati. Judith Romney Wegner, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya wanawake katika Mishna, alionyesha kwamba mke huhesabiwa kuwa mtu kamili katika mambo mengi, ila pale ambapo tendo la ndoa lahusika huhesabiwa kama mali ya mume. Namwona ana haki, lakini ushahidi ulio mkubwa hauko mlangoni pa kuingilia. Uko mlangoni pa kutokea. Mume hawezi kumwuza mkewe, kwa hiyo huyu si shamba. Lakini ni yeye peke yake awezaye kumfungua. Rabi Gershom wa Mainz, karibu na mwaka 1000, alikataza kumwacha mke pasipo ridhaa yake. Hakumpa mke mamlaka ya kutoa talaka. Hata leo yuko aguna, mwanamke aliyefungwa kwa mume asiyetaka kutoa hati, na sheria ya Israeli ya mwaka 1995 yaruhusu mume wa namna hiyo kunyang'anywa leseni ya gari au kutiwa gerezani. Udogo wa peruta haumsaidii mwanamke huyo hata kidogo.

Jambo hili lamhusu pia msomaji wa Mt. 1:19. Neno letu "kuposwa" ni jepesi mno kwa hali ya Mariamu. Wachumba wetu wakiachana hurudishiana vitu. Yusufu alihitaji kutoa talaka, ingawa walikuwa hawajakaribiana, kwa maana kifungo kilikwisha kufungwa. Na uamuzi wote ulikuwa wa Yusufu.

Rachel Adler, katika kitabu chake cha mwaka 1998, hakujaribu kulisafisha neno milki. Aliiacha sheria ya ununuzi akachukua sheria ya ushirika wa mali: bwana na bibi arusi hutia kila mmoja kitu chake katika mfuko, kisha huuinua pamoja. Wengine wameona kwamba hiyo si ndoa ya Kiyahudi tena. Lakini Adler aliliona fundo mahali lilipo, kwa kuwa ushirika wa namna hiyo huweza kuvunjwa na yeyote kati ya wale wawili.