Sanduku la Watu Wawili

Kuna fundi mmoja hapa Kamina, si mbali na stesheni, ambaye hakubali kuanza sanduku la bati la mume na mke mpaka waje wote wawili. Huwasimamisha kando kando, mikono imening'inia, akapima kutoka ardhini hadi kwenye ngumi ya kila mmoja. Ndipo ajue pa kugongelea vishikio. Cha mfupi hushushwa, cha mrefu hupandishwa, ili mzigo usimlalie mmoja. Heshima ya namna hii kwa ndoa za watu sijaiona kwa fundi mwingine.

Nilimtazama akikunja ukingo wa mfuniko juu ya waya, nyundo ya mbao ikigonga taratibu bila kuliumiza bati. Hachomelei, hupiga ribiti. Akimaliza humwaga maji juu ya mfuniko, kisha hufungua na kupitisha kiganja ndani. Akigusa unyevu hata kidogo, ukingo ule anauanza upya. Hakuna anayemlazimisha.

Ufundi huu ulilelewa na reli. Njia ya Kabalo ilipounganishwa na Kamina mwaka 1956, mtu wa hapa aliweza kufika Ziwa Tanganyika kwa gari moshi, akavuka kwa meli mpaka Kigoma, kisha akashika reli ya Tabora hadi Dar es Salaam. Wazazi wangu walisafiri hivyo, ndoa yao ingali changa. Sanduku lao lilikuwa la buluu, lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja mama aliufunga kwenye pindo la kitenge, wa pili ulikaa mfukoni mwa baba. Pesa hazikutoka mpaka wakubaliane. Kalemie, kando ya ziwa, meli ilichelewa, mvua ikawanyeshea bandarini usiku kucha. Wao walilowa chapachapa. Nguo za sandukuni zilibaki kavu. Asubuhi walilikalia, wakala mihogo na samaki mkavu.

Tabora baba alishuka kununua asali, treni ikaondoka. Mama akabaki na sanduku, pesa zote zimo humo, naye ana ufunguo mmoja tu. Kumbe baba alikuwa amedandia behewa la mwisho. Alimfikia baadaye sana, chupa ya asali kifuani. Mama hakumsemesha mpaka Dodoma. Lakini Dar es Salaam kila mmoja alishika kishikio chake, wakaingia mjini wakitembea sambamba. Mama alipenda kusimulia matembezi hayo kuliko bahari yenyewe.

Leo vijana wetu wanakwenda Zambia kwa barabara, kupitia Kasumbalesa, na mabegi ya magurudumu. Ni mepesi, sibishi. Lakini zipu hukatika kabla ya mpaka, nguo zikamwagika mbele ya wapita njia, na gurudumu haliuwezi mchanga wa Kamina. Tena begi huvutwa na mtu mmoja: mume yuko mbele, mke nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Likiharibika linatupwa, linanunuliwa jingine bovu kama lile. Inaniuma kuona tumezoea upesi hivyo.

Fundi yule hana mwanafunzi. Masanduku ya zamani nayo yanaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama kwenu limebaki moja chini ya kitanda, hata likiwa limeota kutu na kufuli zimepotea, msiliuze. Mpelekeeni alikaze ribiti, mkono wake ungali na nguvu.